Kabla Bolti Haijakatikia Ndani

Bolti ya saspensheni hutoa taarifa kabla ya kukatika. Taarifa hiyo hupita kwenye mpini wa spana na kufika kiganjani. Anayeijua huacha kuvuta, akafikiri, akabadili njia. Asiyeijua huchomeka bomba refu kwenye mpini, akajitupa na uzito wake wote, na dakika hiyo hiyo kazi ya saa mbili inageuka kazi ya siku mbili, gari likiwa juu ya stendi na watu nyumbani wakiuliza kesho litatoka saa ngapi.

Ninaandika kwa ajili yako wewe unayebadilisha mwenyewe bushi, shokapu, linki au amu, ukiwa na sakafu ngumu, jeki, boksi ya spana na muda wa mwisho wa wiki. Hoja yangu ni moja, na nitaishikilia hadi mwisho: bolti iliyogoma ikatwe kwa uamuzi wako, mahali ulipopachagua wewe, ukiwa tayari na mbadala wake mkononi. Usiiache ijikatie yenyewe, kwa sababu itakatikia pale pagumu kuliko pote.

Kwa nini zinagoma? Wengi hutaja uzee wa gari, na uzee una sehemu yake, lakini adui mkubwa ni chumvi. Magari mengi yanayotembea Tanzania na Kenya yametumika kwanza Japani. Kaskazini mwa nchi ile, Hokkaido na mikoa ya Tohoku, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili barafu isishike, na maji yenye chumvi hiyo huruka chini ya gari msimu mzima wa baridi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la abiria lililozidi miaka 8, lakini hata majira machache ya theluji yanatosha kuziotesha kutu bolti zote za chini. Kisha gari hilo hilo linakuja kulala Kigamboni, Bububu au Nyali, ambako upepo wa bahari una chumvi yake. Ndiyo maana magari mawili ya mwaka mmoja na aina moja yanaweza kutofautiana kabisa: lililotoka kusini mwa Japani likahamia Dodoma linafunguka kwa spana fupi, na lililotoka Sapporo likahamia Tanga halisogei hata kidogo. Kabla ya kupanga kazi, lala chini ya gari na tochi. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa juu ya kichwa cha bolti isikutishe. Kutu inayobanduka kwa magamba, nati iliyopoteza kona zake, na mabano yaliyovimba kwenye maungio, hizo ni dalili kwamba kazi yako itahitaji msumeno.

Nitumie mfano wa gari ambalo limewatesa wengi, Subaru Forester ya miaka ya 1997 hadi 2008. Kule nyuma, kila gurudumu limeshikwa na nako, kile chuma kizito kinachobeba beringi na habu. Chini ya nako kuna linki mbili za pembeni, moja mbele na moja nyuma yake, na bolti moja ndefu inapita kwenye linki ya kwanza, ndani ya nako na bushi zake, hadi kutokea kwenye linki ya pili. Bolti hii hukaa chini kabisa, inaoga tope na maji kila siku, na ni ndefu. Magari haya yana nguvu kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo yalipendwa sana kwenye sehemu za theluji kabla ya kuja kupendwa Kenya. Toyota na Nissan nyingi zina bolti za namna hii pia, fupi kidogo lakini zenye tabia ile ile.

Shida yenyewe haiko kwenye nati. Nati mara nyingi hutoka. Ndani ya bushi kuna bomba dogo la chuma liitwalo slivu, na mpira wa bushi umegandishwa juu ya slivu hiyo kiwandani. Bolti hupita ndani ya slivu kwa nafasi ndogo mno. Maji ya chumvi yakiingia humo hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi, basi inajaza ile nafasi yote na kubana kama kabari kwenye mpini wa shoka. Bolti na slivu vinakuwa kitu kimoja. Unaweza kutoa nati na kuiweka mezani, na bolti bado isitoke leo wala kesho.

Sasa turudi kwenye kiganja, maana hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Unapovuta spana kwenye bolti iliyoshika, yapo mambo matatu yanayoweza kutokea. La kwanza ni mlio mkavu, krak, na bolti inasogea ghafla kidogo. Huo ni mlio wa kutu kuachia. Endelea polepole, mbele na nyuma. La pili ni bolti kuzunguka robo mzunguko au zaidi, kisha ukilegeza mkono inarudi ilikotoka. Hapo wengi hufurahi bure. Kinachozunguka ni bolti pamoja na slivu, na kinachoirudisha ni mpira wa bushi unaojisokota. Hata uvute mpaka jioni, bolti hiyo haitatoka kwa spana, kwa kuwa nguvu yako yote inaishia kwenye mpira. La tatu ndilo la hatari: spana inaanza kwenda kwa ulaini, bila mlio, bila kurudi, na kila unavyovuta inazidi kuwa nyepesi. Chuma kinanyumbuka. Bado robo mzunguko hivi na itakatika. Acha papo hapo.

Ukijua nguvu ya spana inakwenda wapi utaelewa kwa nini jambo hili la tatu hutokea kirahisi. Hata kwenye bolti mpya na safi, karibu asilimia 90 ya nguvu ya kukaza huliwa na msuguano, sehemu kubwa chini ya kichwa na iliyobaki kwenye thredi. Ni kama asilimia 10 tu inayofanya kazi ya kubana. Kutu inapoingia, msuguano huo unaongezeka maradufu, na shina la bolti ndilo linalobeba mzigo wote wa kusokotwa. Bomba refu juu ya mpini haliondoi msuguano, linaongeza msokoto tu.

Kwa hiyo anza jana yake. Chukua brashi ya waya usugue thredi zote zinazoonekana mpaka uone chuma, kwa sababu nati inayotoka hupita juu ya thredi hizo, na mchanga uliokauka humo huweza kuisimamisha katikati ya safari. Mwagia mafuta ya kupenya kutu, yale ya kopo la dukani, asubuhi, mchana na usiku, kisha uache yalale. Mafundi wengine huchanganya asetoni na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya vizuri. Lakini asetoni hushika moto upesi na hula rangi, kwa hiyo uwe mbali na cheche zozote na usiumwage ovyo. Ukipata nafasi gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo makavu yasiyoharibu kona. Mtikisiko huo hupasua kutu na kuruhusu mafuta yaingie. Najua hatua hii inachosha kwa sababu haionyeshi matokeo. Ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote.

Siku ya kazi, tumia boksi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hushika kwenye ncha za kona na kuzimenya, na kichwa kikishakuwa mviringo umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Hakikisha unajua upande wa kulegeza. Ukiwa umelala chali, nati imegeukia kwenye tangi na wewe unaitazama kutoka nyuma yake, ni rahisi sana kukaza ukidhani unafungua, na bolti nyingi zimekatwa hivyo. Jaribu kukaza kidogo kwanza, kiasi cha kuvunja kutu, ndipo ufungue. Ikisogea, usiifungue moja kwa moja. Rudisha, ongeza mafuta, fungua tena. Kwenye zile bolti mbili zinazofunga shokapu ya mbele kwenye nako, zungusha nati na uzuie kichwa, usizungushe kichwa, maana baadhi ya magari yana meno kwenye shingo ya bolti yanayouma ndani ya chuma. Spana ya umeme au ya upepo husaidia kweli, kwa kuwa mapigo yake mafupi huvunja kutu bila kuusokota mwili wote wa bolti kwa muda mrefu. Ila nayo ina mpaka. Ikigonga kwa nusu dakika bila mabadiliko, iweke chini.

Hapo ndipo unapoketi na kujiuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa tangu mwanzo: mwisho wa pili wa bolti hii umeshikwa na nini?

Ikiwa bolti inatokea upande wa pili na kufungwa na nati huru, umeshinda tayari, hata kama haijatoka. Bolti ya namna hiyo ni mali ya kutupwa. Unaweza kuikata popote, na hakuna thredi kwenye gari lenyewe itakayoharibika. Ikiwa imeingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya chasi au sabufremu, au kwenye thredi zilizochongwa ndani ya nako, basi tulia maradufu, kwa kuwa ikikatikia humo utalazimika kuitoa kwa kuchomelea au kutoboa. Mafuta zaidi, moto, muda zaidi. Nguvu zaidi iwe ya mwisho kabisa. Na ikiwa ni linki ya stabilaiza, ile yenye nati na tundu la Allen katikati, nasaha yangu ni kutopoteza hata saa moja. Tundu lile hujaa kutu, ufunguo wa Allen unateleza, na boli jointi yake inazunguka pamoja na nati. Linki mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu zaidi kwenye saspensheni. Ikate.

Kabla ya kukata chochote, nenda ukaangalie springi. Kwenye magari ambayo springi imezunguka shokapu na kufungwa pamoja nayo, kukata bolti ya linki hakuiachilii. Lakini yapo magari mengi ambayo springi ya nyuma imekaa peke yake juu ya amu, na bolti unayotaka kuikata ndiyo inayoizuia isiruke. Hapo weka jeki ya pili chini ya amu, ipandishe hadi ibebe mzigo, na baada ya kukata ishushe polepole mpaka springi ilegee yenyewe. Gari zima likae juu ya stendi za chuma, magurudumu yaliyobaki chini yakizuiwa kwa magogo. Tofali la saruji hupasuka bila onyo. Jeki peke yake hushuka. Nimeona mawe yaliyopangwa chini ya magari ya watu ninaowapenda, na ninasema wazi kwamba hakuna bushi yenye thamani ya kifua cha mtu.

Kwenye ile bolti ndefu ya Forester, njia iliyo safi ni kukata pande zote mbili. Kati ya nako na linki kuna upenyo mwembamba ambamo bolti inaonekana ikiwa na slivu na washa. Ingiza msumeno hapo, kata upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, na linki zote mbili zinaachia. Kilichobaki ni kipande cha bolti ndani ya nako pamoja na bushi zake, na hicho utakisukuma nje pamoja na bushi kwa mashine ya kubania, mwenyewe au kwa fundi mwenye presi. Hukuhitaji kuifungua hata thredi moja. Bushi ulikuwa unazibadilisha hata hivyo, na kama hukupanga kuzibadilisha, sasa panga, kwa sababu slivu iliyoshikana na bolti haifai tena.

Grenda ya mkono yenye diski nyembamba ya milimita 1 hukata haraka, lakini kule nyuma siipendi. Tangi la mafuta kwenye magari mengi madogo liko mbele kidogo tu ya magurudumu ya nyuma, mipira ya breki inapita jirani, na waya wa ABS umefungwa kwenye nako yenyewe. Cheche za grenda huruka mita kadhaa na zinayeyusha mpira kabla hujaziona. Msumeno wa umeme unaokwenda na kurudi, wenye wembe wa meno ya kabaidi, hukata bolti ngumu bila mvua ya cheche. Usipokuwa nao, msumeno wa mkono wa chuma unafanya kazi ile ile kwa jasho zaidi. Weka mafuta kwenye wembe, vuta mapigo marefu, na ubadilishe wembe ukishaanza kuteleza. Ukilazimika kutumia grenda, acha kinga yake mahali pake, vaa miwani ya kufunika macho yote, funika mipira na nyaya kwa bati, na weka kizima moto au ndoo ya mchanga mahali mkono unapofika.

Moto ni dawa nzuri sana na watu wengi huutumia vibaya. Chuma kikipashwa joto hutanuka: shimo la milimita 12 likipanda joto kwa nyuzi 400 za Selsiasi huongezeka kama milimita 0.06. Ni pungufu ya unene wa karatasi, lakini kutu iliyobana haihitaji zaidi ya hapo. Basi pasha kile kinachozunguka bolti, yaani nati au nako, usipashe bolti yenyewe ikatanuka na kubana zaidi. Kisha ijaribu wakati joto linapopungua, ukisogeza mbele na nyuma. Nati iliyopashwa hadi ikawa nyekundu isirudishwe kwenye gari, wala bolti yake, kwa maana ugumu ziliopewa kiwandani umeondoka.

Na kuna mahali ambapo moto hauingii kamwe. Usipashe shokapu: ndani yake kuna mafuta, na nyingi zina gesi yenye shinikizo. Usipashe springi, itapoteza nguvu yake na kuvunjika baadaye barabarani. Usipashe boli jointi au tairodi unayotaka kuendelea kuitumia. Bushi ikipata moto, mpira wake unawaka kwa moshi mzito mweusi ambao ni sumu, kwa hiyo ukipasha nako yenye bushi fanya hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Kama ulinyunyizia dawa ya kusafishia breki, subiri ikauke kabisa na usipashe mahali hapo. Zile zenye klorini zikikutana na moto au cheche za kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, ambayo inaharibu mapafu hata kwa kiasi kidogo.

Tuseme sasa yametokea yale niliyotaka yasitokee. Bolti imekatikia ndani ya thredi za nako au nati ya chasi, na kisiki kimebaki. Kwanza, ondoka chini ya gari. Kunywa maji. Saa nyingi na vifaa vingi vimeharibika katika dakika kumi za kwanza baada ya bolti kukatika, mtu akiwa na hasira na drili mkononi.

Kisiki kikiwa kimechomoza milimita chache, mafuta na plaizi ya kujifunga, ile tunayoiita vaisigripu, vinaweza kutosha, hasa kama bolti ilikatika kwa kuzidishiwa nguvu na thredi zenyewe hazikushikana sana. Usipoona matumaini kwa jaribio moja au mawili, acha kukitafuna, maana utakihitaji kikiwa kizima kwa hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni kuchomelea nati juu ya kisiki. Chukua nati ambayo tundu lake linakipita kisiki kidogo, iweke juu, jaza katikati kwa fimbo ya kuchomelea mpaka nati na kisiki vishikane. Faida yake ni mbili kwa mpigo: umepata kichwa kipya cha kushika spana, na joto kali limepita katikati ya bolti na kuvunja kutu. Subiri wekundu upotee, weka spana, sogeza kidogo kulia na kushoto. Ikikatika tena, chomelea nyingine. Mara ya pili na ya tatu mara nyingi hufanikiwa kuliko ya kwanza, kwa sababu joto limerudiwa. Kisiki kikiwa kimezama kidogo, fundi mzuri anaweza kukijenga kwa matone ya chuma hadi kifike juu. Na kama nako ni ya aluminiamu, chuma kinachochomelewa hakishikani nayo, kwa hiyo ukingo wa tundu husalimika.

Usione aibu kumwita fundi wa kuchomelea kwa kazi hii moja. Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, na karibu kila mtaa wenye gereji za jua kali, wapo watu waliofanya hivi maisha yao yote. Ukitoa nako nzima ukampelekea mezani, kazi ni rahisi na salama zaidi kuliko kumlaza chini ya gari. Kama ni lazima achomelee kwenye gari, toa waya hasi wa betri, chomoa soketi ya kihisi cha ABS, na kibano cha ethi kishike jirani kabisa na bolti yenyewe. Umeme wa kuchomelea ukipitia kwenye beringi za habu huacha alama ndogondogo kwenye mipira yake ya chuma, na beringi hiyo itaanza kuvuma baada ya miezi michache bila mwenye gari kujua kwa nini.

Kuhusu vile vifaa vya kuchomolea bolti, vijiti vyenye hesi ya kushoto vinavyochomekwa kwenye tundu lililotobolewa, nina msimamo mkali. Bolti ilikuwa na unene wote wa milimita 12 na haikuzunguka. Itazungukaje kwa kijiti cha milimita 5 au 6 ndani yake? Kijiti hicho hufaa kwa kisiki kilicholegea. Kwenye kisiki kilichoshikwa na kutu hukatikia ndani, na kwa kuwa kimetengenezwa kwa chuma kigumu sana, biti ya kawaida ya drili haiwezi kukitoboa. Umeziba njia yako mwenyewe.

Kutoboa kuwe njia ya mwisho, na kufanywe kwa uvumilivu. Sawazisha uso wa kisiki kwa tupa, tafuta katikati yake hasa, piga alama kwa panchi. Anza na biti ya milimita 3, kisha panda taratibu. Bolti za saspensheni nyingi ni za daraja la 8.8 au 10.9, kwa hiyo nunua biti zenye kobalti, ziendeshe polepole, chini ya mizunguko 1,000 kwa dakika kwa biti ya milimita 5, na mafuta yasikatike. Biti inayopiga kelele inachoma ncha yake na kukifanya chuma kiwe kigumu zaidi. Ukizipata biti zinazokata zikizunguka kushoto, zitumie. Mara nyingine kisiki hujifungua chenyewe wakati wa kutobolewa. Vinginevyo panda hadi ukaribie thredi, kisha zisafishe kwa tepu. Magari ya Kijapani hupenda sana bolti ya milimita 10 au 12 yenye hatua ya thredi ya 1.25. Tundu la tepu ni kipenyo ukitoa hatua, kwa hiyo M10 ya 1.25 inataka biti ya milimita 8.8, na M12 ya 1.25 inataka 10.8. Thredi zikiwa zimeliwa, zipo koili za chuma za kuzifufua, na kwenye aluminiamu zinafaa sana.

Nati ya ndani ya chasi ikikatika kutoka kwenye uchomeleaji wake na kuzunguka na bolti, usiongeze mafuta, hayasaidii. Inabidi kufungua dirisha dogo kwenye bati ili kuishika au kuweka mpya, kisha kufunga na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Mahali penye mzigo kama hapo apafanye mtu mwenye mkono wa uhakika. Na nikuombe jambo moja kwa moyo wote: usikubali mtu yeyote achomelee amu au linki moja kwa moja kwenye mabano yake ili "isisumbue tena". Saspensheni lazima icheze. Kikizuiwa kucheza, chuma kitapasuka, na kitapasuka gari likiwa kwenye mwendo.

Bolti mpya inunuliwe kabla hujaanza kukata, si baada. Ile ndefu huipati duka la vifaa vya ujenzi. Iagize kwa namba ya kipuri, au itafute kwenye gari lililochinjwa ambalo halikuiva kwa kutu. Ukitafuta mbadala, linganisha mambo manne: kipenyo, hatua ya thredi, daraja lililoandikwa kichwani, na urefu wa shina lisilo na thredi. Hilo la mwisho husahauliwa. Shina laini ndilo linalopaswa kukaa kwenye kuta za mabano. Bolti yenye thredi mwili mzima huweka sehemu yake nyembamba pale penye mzigo mkubwa, nayo hula tundu polepole. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinavutia kwa macho, lakini zile za kawaida za A2-70 ni dhaifu kuliko 8.8, na nati zake hupenda kushikana na bolti. Ziache kwenye namba za gari.

Unaporudisha, paka grisi nyembamba kwenye shina la bolti na ndani ya slivu, ili yule atakayeifungua baada ya miaka 5 asipate taabu uliyoipata. Usipake kwenye nyuso za slivu zinazobanwa na mabano, maana zinashikiliwa kwa msuguano. Kwenye thredi fuata kitabu cha gari, kwani thredi zenye grisi hukazika zaidi kwa kipimo kile kile cha toki. Nati zenye pete ya nailoni ni za kutumika mara moja.

Funga bolti zote za bushi kwa mkono kwanza, kisha shusha gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, au pandisha nako kwa jeki hadi kimo hicho, ndipo ukaze kwa toki. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unagandishwa ukiwa umesokotwa, na bushi mpya inachanika ndani ya miezi. Kama bolti uliyoigusa ni ya kurekebisha pembe za gurudumu, ile yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati, peleka gari likapimwe alaimenti siku hiyo hiyo kabla tairi halijaanza kulika upande.

Mwisho, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mabano, kwa kila bolti uliyoifunga. Endesha kama kilomita 100, barabara mbovu na nzuri, kisha urudi chini na tochi. Mahali mstari ulipoachana, kaza tena kwa toki, na uchunguze kama mabano yamechakaa au nati ni ya zamani.